Je, Wajua? Soya Huboreshwa kwa Kuharibiwa

Tukisikia kwamba watafiti wametoa aina mpya ya soya yenye mafuta bora, wengi wetu hudhani wameitilia mbegu kitu ambacho haikuwa nacho. Mara nyingi wameipunguzia. Wametafuta mmea wenye jeni mbovu, na wasipoupata wameiharibu jeni wenyewe kwa miale au kwa kemikali, kisha wakaulea ubovu huo kizazi baada ya kizazi mpaka ukawa sifa inayolipiwa bei ya juu. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa punje hii ya manjano ambayo wengi wetu tunakutana nayo ikiwa imeshasagwa, ndani ya unga wa uji wa lishe.

Je, wajua kilichomo ndani ya punje moja?

Punje ya soya iliyokauka ina protini kiasi cha asilimia 40 na mafuta kiasi cha asilimia 20. Maharage tunayoyaunga kwa nazi yana mafuta asilimia 1 au 2 tu, na protini yake ni kama nusu ya hiyo. Ndiyo maana soya, ingawa ni ndugu wa maharage na kunde, huhesabiwa sokoni pamoja na alizeti na ufuta. Kiwandani hukamuliwa mafuta, na yanayobaki ni mashudu, chakula kikuu cha kuku na nguruwe duniani.

Mafuta yenyewe yana asidi tano zinazohesabika. Palmitiki ni kama asilimia 11, steariki 4, oleiki 23, linoleiki 54 na linoleniki 8. Majina hayo yanachosha, lakini tatu za mwisho zinastahili kukumbukwa kwa sababu mmea huzitengeneza kwa kufuatana. Kwanza huunda oleiki. Kimeng'enya kimoja huigeuza kuwa linoleiki, na kingine huigeuza linoleiki kuwa linoleniki. Kila hatua huongeza kifungo maradufu kimoja kati ya atomu za kaboni, na kadiri vifungo hivyo vinavyozidi ndivyo oksijeni inavyoyashambulia mafuta kwa wepesi. Sehemu kubwa ya visa vya hapa chini inahusu watu waliotaka kuukatiza mfululizo huo njiani.

Je, wajua kwamba mafuta ya soya yaliwahi kufanyiwa upelelezi kwa ulimi?

Katika miaka ya 1940 Wamarekani walikuwa na soya tele na mafuta ambayo watu hawakuyapenda. Yakitoka kiwandani yalikuwa safi, hayana harufu. Yakikaa kabatini kwa muda yalianza kunuka majani mabichi, kisha rangi ya mafuta, kisha samaki. Mafuta ya mbegu za pamba, yaliyokamuliwa na kusafishwa kwa namna ileile, hayakuwa na tabia hiyo.

Kazi ya kumsaka mkosaji iliangukia maabara ya serikali iliyoko Peoria, jimbo la Illinois, maabara ileile ambako wakati wa Vita Kuu ya Pili ilibuniwa njia ya kuzalisha penisilini kwa wingi. Wanakemia walimshuku linoleniki kwa kuwa soya inayo na pamba karibu haina. Kushuku hakutoshi, hivyo wakabuni jaribio ambalo mimi naliona ni zuri kuliko mashine zote zilizofuata. Walichukua mafuta ya pamba, wakayaunganisha kikemikali na asidi ya linoleniki mpaka yakawa nayo kwa kiasi kinacholingana na cha soya. Kisha wakayapeleka kwa jopo la waonjaji bila kuwaambia ni nini. Waonjaji, watu waliozoea kazi hiyo, walisema wanaonja soya. Matokeo yalichapishwa mwaka 1951, na mkosaji akawa amepatikana. Ile asilimia 8 ndiyo iliyokuwa ikiziharibia jina asilimia 92 zilizobaki.

Je, wajua kwamba fundi wa rangi alimtaka mkosaji huyohuyo?

Mafuta ya kitani, ambayo wachoraji na mafundi wa rangi wameyatumia kwa karne nyingi, yana linoleniki zaidi ya nusu. Oksijeni inapoyashika hukauka na kuwa utando mgumu, na hiyo ndiyo kazi ya rangi. Soya ina linoleniki kidogo lakini inatosha kiasi, ndiyo maana Henry Ford aliitumia katika rangi ya magari yake miaka ya 1930. Mwaka 1987 gazeti la The Gazette la Cedar Rapids, Iowa, likawa la kwanza kuchapwa kwa wino wa mafuta ya soya. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mafuta fulani ni mabaya, muulize kwanza anataka kukaangia au kupakia ukuta.

Je, wajua dawa ya kwanza ilikuwa na ubaya kuliko ugonjwa?

Kabla ya watafiti wa mbegu kupata jibu lao, viwanda vilipata la kwao: kuyapitishia mafuta hidrojeni mpaka sehemu ya vile vifungo maradufu ifungwe. Mafuta yakatulia, yakavumilia joto la kukaangia, na yakaweza kugandishwa kuwa majarini. Yalizaa pia mafuta ya transi, ambayo baadaye yalithibitika kuuletea moyo madhara.

Kuanzia Januari 2006 Marekani ililazimisha kiasi cha mafuta hayo kiandikwe kwenye vifungashio. Mwaka huohuo kampuni ya KFC ilitangaza kwamba migahawa yake nchini humo itahamia kwenye mafuta ya soya yenye linoleniki kidogo. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo iliyaondoa mafuta yaliyogandishwa nusu kwa hidrojeni katika orodha ya viungo vinavyochukuliwa kuwa salama, na viwanda vikapewa mpaka Juni 2018 kuanza kuachana nayo. Nayo WHO, mwaka 2018, iliziomba nchi zote ziyafute ifikapo 2023. Lebo ya pakiti ndiyo iliyoifanya kazi ya watafiti wa soya, iliyokuwa imeendelea kimyakimya kwa miongo, kuwa biashara ya haraka.

Je, wajua jinsi jeni inavyoharibiwa kwa makusudi?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Iowa State wakiongozwa na Walter Fehr na mwanakemia Earl Hammond, walizilowesha mbegu katika kemikali iitwayo EMS. Kemikali hiyo hubadilisha herufi za jeni ovyo ovyo. Mbegu nyingi hutoka na hitilafu zisizo na faida yoyote: mimea iliyodumaa, yenye majani ya ajabu, isiyozaa. Mtafiti huipanda yote, huvuna, kisha hupima mafuta ya mmea mmoja mmoja akitafuta ule ambao bila kukusudia umeshindwa kutengeneza linoleniki. Miaka ya 1980 vyuo hivyo viwili vilikuwa vimetangaza mimea yenye linoleniki kama asilimia 4, yaani nusu ya kawaida.

Nusu haikutosha. Ilibainika kwamba soya ina jeni tatu zinazotengeneza kimeng'enya hicho cha mwisho, na kuharibu moja huziacha mbili zikiendelea na kazi. Ikabidi mimea yenye ubovu tofauti izalishwe pamoja mpaka jeni zote tatu mbovu zikutane ndani ya punje moja. Katika kizazi cha pili cha mchanganyo wa namna hiyo, punje inayotafutwa ni moja kati ya 64. Iowa waliipata, na linoleniki ikashuka mpaka kama asilimia 1.

Kazi hiyo ingechukua umri wa mtu kama wangesubiri kiangazi cha Iowa, ambako soya huvunwa mara moja kwa mwaka. Walipanda pia kisiwani Puerto Rico, ambako hakuna baridi kali, wakavuna zaidi ya mara moja kila mwaka.

Je, wajua kwamba soya ina vipuri?

Hili ndilo linaloeleza kwa nini soya hustahimili kuharibiwa. Mwezi wa Januari 2010 ramani ya jenomu yake ilichapishwa: kromosomu 20 na jeni zipatazo 46,000. Wasomaji wa ramani hiyo waligundua kwamba babu wa soya alijirudufu jenomu nzima mara mbili, mara ya kwanza miaka kama milioni 59 iliyopita na ya pili miaka kama milioni 13 iliyopita. Matokeo yake ni kwamba karibu robo tatu ya jeni zake zina nakala zaidi ya moja. Ukiivunja moja, ya akiba inaingia kazini.

Kwa mtafiti hii ni baraka na usumbufu kwa pamoja. Ni baraka kwa sababu mmea haufi. Ni usumbufu kwa sababu lazima uzivunje nakala zote zinazofanya kazi katika mbegu ndipo uone tofauti. Chukua oleiki, asidi inayosifiwa katika mafuta ya zeituni. Kuiongeza kwenye soya kunahitaji kukisimamisha kile kimeng'enya cha kwanza kinachoila na kuigeuza linoleiki. Katika Chuo Kikuu cha Saga, Japani, watafiti walizipiga mbegu miale ya eksirei wakapata mmea ulioitwa M23, wenye oleiki inayokaribia nusu ya mafuta yote. Ulikuwa umepoteza jeni moja nzima. Lakini oleiki yake haikutulia: ikipandwa kwenye joto ilipanda, kwenye baridi ilishuka, kwa sababu nakala ya pili ilikuwa bado hai.

Mwaka 2010 watafiti wa Missouri, wa chuo kikuu na wa wizara ya kilimo ya Marekani, walionyesha jibu. Walipekua hazina ya mbegu za zamani, wakakuta mimea ambayo maumbile yenyewe yalikuwa yameiharibia nakala ya pili bila mtu kujua. Wakaichanganya na ile yenye ubovu wa nakala ya kwanza. Punje moja kati ya 16 ilipata zote mbili, na humo oleiki ikaruka kutoka kiasi cha asilimia 20 hadi zaidi ya 80. Hakuna jeni ya kiumbe kingine iliyoingizwa. Waliokutanishwa ni vilema wawili wa ukoo mmoja.

Sasa fanya hesabu. Ukitaka punje yenye oleiki nyingi na pia linoleniki kidogo kabisa, unahitaji jeni tano mbovu kwa pamoja. Hiyo ni punje moja kati ya 1,024, na bado hujagusa suala la mavuno.

Je, wajua kwamba punje inaweza kupimwa na bado ikapandwa?

Kipimo cha mafuta kinahitaji kuisaga mbegu, na mbegu iliyosagwa haioti. Watafiti hukata kipande upande usio na kiini, wakakipima hicho, kisha wakaupanda upande wenye kiini. Mmea huota kama kawaida, mdogo kidogo mwanzoni. Siku hizi kuna pia mashine za mwanga wa infraredi zinazokadiria protini na mafuta ya punje nzima kwa sekunde chache bila kuikwaruza, ila kwa kuzitenganisha asidi moja moja kipande bado kina heshima yake.

Je, wajua inakotoka ile harufu ya uji wa soya?

Mama yeyote aliyesaga soya mbichi akaipika uji anaijua: harufu ya maharage mabichi inayowafanya watoto wageuze uso. Ndani ya punje nzima haipo. Huzaliwa pale punje inapovunjwa na maji kuingia, kwa sababu ya vimeng'enya vitatu viitwavyo lipoksijenasi, ambavyo huyakamata mafuta papo hapo na kuyakatakata kuwa vipande vyenye harufu. Joto huviua. Ndiyo sababu mafundi wa lishe husisitiza soya ichemshwe kwanza, ndipo ianikwe, imenywe na kusagwa. Ukisaga kwanza na kuchemsha baadaye umeshachelewa.

Wajapani, ambao hunywa maziwa ya soya na kula tofu kila siku, walitaka mbegu isiyo na vimeng'enya hivyo kabisa. Walishapata mimea iliyokosa kimoja au viwili. Kukosesha vyote vitatu kwa kuchanganya tu kulishindikana, kwa kuwa jeni mbili kati ya hizo zimekaa jirani mno kwenye kromosomu moja, na wazazi wakichanganywa zinarithiwa kwa pamoja jinsi zilivyo. Wakageukia miale ya gama, na mwaka 1991 wakatangaza mmea usio na hata kimoja. Kutokana na kazi hiyo ikatoka aina iitwayo Ichihime. Mmea haukuonyesha kuumia kwa kuvikosa, jambo linaloacha swali ambalo wanabotania wanaendelea kulijadili: punje inavihifadhi kwa wingi hivyo kwa ajili gani?

Je, wajua kwa nini kuku hanenepi kwa soya mbichi?

Mwaka 1917 Thomas Osborne na Lafayette Mendel waliandika kwamba panya waliolishwa soya mbichi hawakukua vizuri, na waliolishwa soya iliyopikwa walikua. Sababu mojawapo ni protini inayokizuia kimeng'enya cha utumbo kiitwacho tripsini. Mnyama akiila, kongosho lake hutumikishwa kupita kiasi na kwa kuku huvimba. Moses Kunitz alizigeuza chembe za kizuizi hicho kuwa fuwele katikati ya miaka ya 1940, na kikabaki na jina lake.

Theodore Hymowitz wa Chuo Kikuu cha Illinois, mtu aliyeipekua historia ya soya kwa bidii kuliko wengi (ndiye aliyesaidia kuthibitisha kwamba baharia Samuel Bowen aliifikisha soya Georgia mwaka 1765), alisaka hazina ya mbegu akapata mimea michache kutoka Korea isiyo na kizuizi hicho. Aina iliyozalishwa kutokana nayo ilisajiliwa mwaka 1991 na kuitwa Kunitz, jina la kitu kilekile isichokuwa nacho. Wanasayansi nao wana utani wao.

Mfugaji asikimbilie kufurahi. Soya ina kizuizi kingine tofauti ambacho Kunitz bado inacho, hivyo hata hiyo haikufikia ubora wa soya iliyopashwa moto. Soya ya kuku lazima ipite motoni.

Je, wajua gesi ya tumboni nayo ina jeni?

Inayo. Punje ina sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi ambazo tumbo la binadamu halina kimeng'enya cha kuzivunja, hivyo bakteria wa utumbo mpana huzila na kutoa gesi. Kuna mmea wa hazina wenye namba PI 200508 ambao jeni yake ya kuunda sukari hizo imeharibika. Watafiti wameutumia kuzalisha soya tulivu zaidi.

Je, wajua kwamba mkulima wa kale alichagua mafuta bila kujua?

Soya mwitu wa China, Korea na Japani ni mtambaa mwembamba wenye punje ndogo nyeusi. Una protini nyingi kuliko soya ya shambani, na mafuta kama nusu yake. Mwaka 2022 watafiti walieleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo: kwenye kromosomu ya 20, kipande cha DNA kinachojihamisha chenyewe kilijichomeka katikati ya jeni moja na kuilemaza. Punje zikawa kubwa, mafuta yakaongezeka, protini ikapungua. Wakulima wa zamani walipenda punje kubwa, wakazipanda, na ubovu ule ukaenea dunia nzima. Kumbe hata wao waliboresha kwa kuharibu, maelfu ya miaka kabla ya eksirei.

Mvutano kati ya protini na mafuta bado unawasumbua watafiti. Ukipandisha moja, nyingine hushuka, na ukipandisha protini mara nyingi mavuno hushuka pia. Mkulima wa Marekani hulipwa kwa uzito wa gunia na si kwa kilichomo, kwa hiyo huchagua mbegu inayozaa. Kadiri mavuno yalivyopanda kwa miongo kadhaa, protini imekuwa ikipungua pole pole, huku viwanda vya chakula cha mifugo vikidai mashudu yenye protini ya asilimia 47 na zaidi. Hapa lawama nawapa wanunuzi. Huwezi kulipia uzito kisha ukalalamika kwamba umeletewa uzito.

Je, wajua ugumu wa kuozesha maua ya soya?

Ua la soya lina urefu wa milimita chache na hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka. Mtafiti huliwahi likiwa bado chipukizi, akalifungua kwa kibano, akaondoa sehemu za kiume, akapaka chavua ya mmea mwingine. Mengi hupukutika hata hivyo. Likishika, hutoa ganda lenye punje moja hadi tatu. Ili ajue kama amefaulu, humtumia mama mwenye maua meupe na baba mwenye maua ya zambarau: mtoto akichanua zambarau, ndoa ilikuwa ya kweli, akichanua meupe, mama alijichavusha.

Na mbegu za kuozesha zinatoka wapi? Wengi wa vilema wenye faida tuliowataja walilala kwenye makabati ya baridi. Kati ya 1929 na 1931 Palemon Dorsett na William Morse walizunguka Japani, Korea na China wakikusanya sampuli zipatazo 4,500 za soya kwa ajili ya Marekani. Nyingi zilipotea baadaye, kwani hazina ya kudumu haikuanzishwa mpaka mwaka 1949. Leo hazina hiyo, iliyoko Urbana, Illinois, ina sampuli zaidi ya 20,000. Kila mbegu isiyopendeza iliyotupwa kabla ya hapo ingeweza kuwa ndiyo yenye jeni mbovu ambayo mtu angeitafuta miaka 60 baadaye.

Je, wajua kwa nini soya ya Illinois haitufai moja kwa moja?

Soya ilifika Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1907 wakati wa Wajerumani. Baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kuanguka, Nachingwea ilifanya kazi ya kuzalisha aina za soya katika miaka ya 1950 na kuendelea. Yapo maeneo machache ya Tanzania yenye historia ya soya ndefu kuliko yanavyodhaniwa.

Soya hupima urefu wa usiku ili ijue lini itoe maua. Aina iliyozoea kiangazi cha Marekani chenye mchana mrefu, ikipandwa karibu na ikweta hudhani msimu umekwisha. Huchanua ikiwa haijafika gotini na kuzaa maganda ya kuhesabika. Hivyo jeni ya oleiki nyingi haiwezi kuja kama ilivyo. Lazima ichanganywe na aina za hapa, kisha mzao arudishwe mara kadhaa kwa mzazi wa hapa mpaka abaki na ubovu ule unaotakiwa tu.

Tena vipaumbele vya hapa vilikuwa vingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 taasisi ya IITA, Ibadan, Nigeria, ilizalisha aina za TGx ambazo huunda vinundu vya mizizi kwa kutumia bakteria waliomo tayari kwenye udongo wa Afrika, ili mkulima asilazimike kununua bakteria wa pakiti. Uganda ilipovamiwa na ugonjwa wa kutu ya soya mwaka 1996, mashamba yaliharibika vibaya, na Chuo Kikuu cha Makerere kikajielekeza kwenye ukinzani. Aina yake ya Maksoy 1N ilitoka mwaka 2004. Mtu ambaye majani ya soya yake yanapukutika kabla ya maganda kujaa hana muda wa kujadili linoleniki, na wa Makerere walichagua sawasawa.

Je, wajua kwamba mafuta ya kwanza ya jeni zilizohaririwa yalikuwa ya soya?

Mwaka 2019 kampuni ya Calyxt ya Minnesota ilianza kuuza Marekani mafuta yaitwayo Calyno, kutoka soya ambayo zile nakala mbili za jeni zilikatwa kwa vimeng'enya vya kuhariri. Oleiki yake ilikuwa kama asilimia 80, ileile ambayo wenzao wa Missouri waliifikia kwa kibano na uvumilivu. Kampuni nyingine zilikuwa zimeshaifikia kwa njia ya GMO. Njia tatu, mafuta yaleyale. Na zote zinakutana na kero moja: soya hii lazima ivunwe, isafirishwe na kuhifadhiwa mbali na nyingine, kwani ikichanganyika ghalani sifa yake inayeyuka. Gharama ya ghala la peke yake imeua mipango mizuri zaidi ya mmoja.

Je, wajua unaweza kuhifadhi mbegu yako?

Kwa kuwa soya hujichavusha, mbegu uliyovuna hufanana na mama yake, tofauti na mahindi chotara. Kama aina yako ni ya wazi na si ya mkataba, sifa zake za mafuta na protini zitaendelea msimu hadi msimu. Adui ni ghala. Mbegu ya soya hupoteza uwezo wa kuota upesi kuliko mahindi au maharage, hasa pwani na popote penye joto na unyevu. Ikaushe vizuri, iweke pakavu penye ubaridi, usiipigepige wakati wa kupura kwa kuwa ganda lake ni jembamba. Wiki mbili kabla ya kupanda, fukia punje 100 kwenye mchanga wenye unyevu. Zikiota chini ya 80, ongeza kiasi cha mbegu shambani. Zikiota chini ya nusu, zipeleke jikoni, na kumbuka kuzichemsha kabla ya kusaga.